Dishi dogo linalosingiziwa: LiteBeam 5AC Gen2 juani, mvuani na kwenye chumvi

Inua macho juu ya mapaa ya Dar es Salaam, Mwanza au Mombasa, na hutakosa kuona dishi dogo jeupe lenye kichwa cha plastiki kilichochomoza mbele. Mara nyingi ni LiteBeam, redio ya kurusha intaneti ya kampuni ya Ubiquiti, na siku hizi toleo linalouzwa sana ni 5AC Gen2. Wenye shule hulitumia kupeleka intaneti kwenye tawi la pili, wenye hoteli kuifikisha kwenye bangala za mbali, na watoa huduma wadogo kumfikia mteja ambaye faiba haijamfikia.

Hukumu kwanza, ushahidi baadaye. Kwa umbali wa hadi kilomita 5 au 6, pande mbili zikionana waziwazi, hiki ni chombo kinachostahili bei yake kikamilifu. Malalamiko mengi tunayoyasikia juu yake (linajizima, linapunguza kasi, limekufa baada ya mvua) hayatokani na dishi. Yanatokana na kebo, adapta, nguzo na tamaa ya chaneli pana. Kasoro zake za kweli zipo pia, na tutazifikia.

Ndani ya boksi kuna dishi moja, kichwa chake, kamba ya chuma ya kufungia kwenye bomba na adapta ya PoE (inayopitisha umeme kwenye kebo ya mtandao) ya volti 24, ampea 0.3. Kagua adapta kabla ya kutoka dukani. Linki, yaani daraja la redio kati ya sehemu mbili, inataka madishi mawili, kwa hiyo unapolinganisha bei, zidisha mara mbili. Dishi linaongeza mawimbi kwa 23 dBi (desibeli za dishi), redio inatoa hadi 25 dBm (kipimo cha nguvu ya mawimbi), tundu la mtandao ni la gigabiti, na umeme wote linaokula hauzidi wati 7.

Wati 7 ni habari njema kwa anayetumia sola. Kwa saa 24 ni Wh 168, yaani Ah 14 hivi kwenye betri ya volti 12. Ukitaka dishi moja liishi siku mbili za mawingu bila kuishusha betri chini ya nusu, chukua betri ya Ah 70 na paneli ya wati 100, na uweke kifaa cha kupandisha volti 12 kuwa 24 zilizotulia. Usiunge betri mbili mfululizo na kuipa redio umeme moja kwa moja: zikiwa zinachajiwa, volti hupanda kuelekea 29.

Sasa kasi. Boksi linajisifu kwa Mbps 450 na zaidi. Namba hiyo si uongo, ila inahesabu kushusha na kupandisha kwa pamoja, kwenye chaneli pana ya MHz 80, hewa ikiwa safi. Redio hii husema na kusikia kwa zamu kwenye masafa yaleyale, haifanyi yote mawili kwa wakati mmoja kama zile redio za microwave za kampuni za simu. Kwenye chaneli ya MHz 40, kasi ya hewani ikiwa juu kabisa ni Mbps 400, na ukitoa gharama za mazungumzo ya redio zenyewe, data halisi ni karibu asilimia 60 ya hiyo. Kwa hiyo mwahidi mteja Mbps 200 kwa jumla ya pande zote mbili. Ukimwahidi 450, mtagombana.

Kabla ya kununua, fanya hesabu moja. Chukua umbali wa kilomita 5 kwenye 5.8 GHz. Hewa peke yake inakula desibeli 122 hivi. Redio ikitoa 20 dBm (usihesabu 25, kwa sababu redio hujipunguzia nguvu inapotumia kasi za juu), dishi la kwanza likaongeza 23 na la pili 23, kinachofika upande wa pili ni karibu -56 dBm (kadiri namba inavyokaribia sifuri, ndivyo mawimbi yalivyo na nguvu). Umbali ukizidi maradufu, unapoteza desibeli 6: kilomita 10 ni -62. Andika namba yako kwenye karatasi na upande nayo juu ya paa. Utaona faida yake wakati wa kulenga.

Hesabu ya pili wengi huiruka, na ndiyo inayoua linki nyingi. Kuonana kwa macho hakutoshi. Mawimbi hayasafiri kama uzi. Yanatanuka katikati ya safari kama boga. Kwenye linki ya kilomita 5 ya 5.8 GHz, nusu-kipenyo cha boga hilo katikati ni mita 8. Asilimia 60 yake, karibu mita 5, lazima iwe wazi: juu ya mwembe, juu ya paa la jirani, juu ya ghorofa linalojengwa. Kwa kilomita 10 unahitaji karibu mita 7, na hapo uongeze mita 1.5 za mzingo wa dunia. Ukiona minazi inagusa mstari wa macho, hiyo linki bado haijapita. Itafanya kazi kiangazi, kisha masika yakiingia na majani yakajaa maji, mawimbi yatashuka desibeli 10 au zaidi na simu zitaanza kuingia. Kuongeza bomba la mita 3 ni rahisi kuliko kumbembeleza jirani akate mti wake.

Kuliwasha ni kazi nyepesi, na hapa Ubiquiti wanastahili sifa. Gen2 ina redio ndogo ya pili ya 2.4 GHz kwa ajili ya fundi tu. Unachomeka umeme, unaunga simu kwenye Wi-Fi ya dishi, unafungua 192.168.172.1, na unaweka mipangilio bila kubeba kompyuta juu ya ngazi. Kwa mpangilio wa kiwandani redio hiyo hujizima dakika 15 baada ya kuwaka. Ikipotea usihangaike kudhani imeungua; zima umeme, washa tena. Anayependa njia ya kebo atumie 192.168.1.20.

Weka mipangilio yote mezani, madishi yote mawili yakiwa chini, nguvu ya kurusha ikiwa imepunguzwa kabisa na nyuso zake zisitazamane. Anza na kusasisha programu, kwani toleo la dukani mara nyingi limezeeka. Chagua nchi iliyo sahihi. Upande mmoja uwe kituo cha PtP (linki ya pande mbili tu), wa pili uwe mteja wa PtP, jina la mtandao liwe moja, ulinzi uwe WPA2, nenosiri refu. Badilisha pia nenosiri la kuingilia. Mwezi Mei 2016 kirusi kilisambaa kwenye redio za kampuni hii zilizokuwa na programu ya zamani, ilhali dawa yake ilikuwa imeshatolewa mwaka uliotangulia. Zile zilizosasishwa hazikuguswa. Yakishaungana mezani, pitisha data kwa dakika kumi, ndipo uyapandishe. Fundi anayeanza kuweka mipangilio akiwa juu ya mnara anajitafutia kushuka na kupanda mara nne.

Kulenga kunataka subira. Fungeni madishi yote mawili yakielekeana kwa makadirio ya dira au ramani ya simu. Kisha mmoja atulie na mwingine azungushe polepole, kushoto-kulia kwanza, juu-chini baadaye, akisimama sekunde chache kila hatua kwa sababu namba kwenye skrini huchelewa. Ikipatikana namba nzuri, ipite kusudi hadi ianze kushuka, halafu rudi. Hapo ndipo karatasi yako inapofanya kazi. Hesabu ilisema -56, skrini inasema -74, na kila ukisogeza inazidi kushuka? Umenasa kwenye mnong'ono wa pembeni wa dishi, si kwenye sauti yake kuu. Zungusha zaidi, hata kama namba zitaharibika kwanza. Linki nyingi "dhaifu" mjini zimefungwa hivyo na zimeachwa hivyo.

Angalia pia namba za mikondo miwili ya redio, ule wa wima na ule wa mlalo. Zikipishana desibeli 1 au 2, vizuri. Zikipishana 5 na kuendelea, kuna kitu: dishi moja limekaa mshazari, kichwa hakijaingia sawasawa mpaka kikalia "tak", kuna ukuta unaoakisi, au kichwa kimeingia maji. Baada ya kukaza nati, soma namba upya, kwani kukaza huku kunavuta dishi. Hapa ndipo kasoro ya kwanza ya kweli: kishikizo cha LiteBeam ni chepesi. Ufukweni au mlimani penye upepo wa kudumu kinaweza kusogea kidogo kidogo, na linki iliyokuwa -56 ukaikuta -61 bila mtu kuigusa. Piga alama ya rangi kwenye bomba na kwenye kishikizo siku ya kufunga, ili siku ya kukagua uone kwa jicho kama kimehama. Bomba nalo liwe la chuma kizito. Lile jembamba la antena za televisheni linatikisika na kuchora mawimbi kama ya bahari kwenye grafu.

Tufike kwenye kebo, ambako ndiko pesa zinakopotea.

Soko letu limejaa kebo zinazoitwa Cat6 ambazo ndani si shaba, ni alumini iliyopakwa shaba. Kwaruza waya mmoja kwa kisu: ukiona weupe ndani, irudishe. Sababu ni hii. Adapta inatoa volti 24 na umeme unasafiri kwenye jozi mbili za waya. Kebo ya shaba tupu ya mita 100 inapoteza chini ya volti 3 redio inapokula ampea 0.3, na redio haijali. Ya alumini inapoteza mara moja na nusu ya hapo au zaidi. Ongeza koneketa iliyoshika kutu na adapta ya bandia inayotoa 21 badala ya 24, na redio inazimika kila inapopandisha nguvu ya kurusha, kisha inawaka tena. Mteja anasema dishi ni bovu. Fundi analeta jipya, nalo linazimika vilevile. Kabla ya kubadilisha dishi, badilisha adapta na kebo fupi ya majaribio; ni kazi ya dakika tano.

Kuna dalili nyingine ya kebo ambayo wengi hawaisomi. Fungua ukurasa wa mwanzo wa redio utazame kasi ya tundu la mtandao. Inatakiwa iandike 1000. Ikiandika 100, jozi moja ya waya imekatika au imebanwa vibaya, na linki yako haitavuka Mbps 95 hata hewa iwe safi namna gani. Watu huhangaika na chaneli wiki nzima kwa kosa la koneketa moja. Kebo iwe ya nje, nyeusi, yenye ganda la chuma chini ya plastiki, na kabla ya kuingia kwenye dishi na kabla ya kuingia ndani ya nyumba iachiwe kitanzi kinachoning'inia, ili maji yadondoke pale chini badala ya kufuata waya mpaka ndani ya rauta.

Adapta ina matundu mawili. Lile la PoE linapanda juu kwenye dishi, la LAN linakwenda kwenye rauta. Ukiyabadilisha, unapeleka volti 24 kwenye rauta au kompyuta ya watu. Na swichi za PoE za volti 48 zile za kamera haziwashi LiteBeam. Zinamsubiri mtu wa upande wa pili ajitambulishe, na dishi hili halijui lugha hiyo. Adapta za 48 zisizouliza swali, hizo zinaliunguza.

Radi. Ukanda wa Ziwa Victoria, kutoka Kisumu hadi Bukoba na Entebbe, ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa radi sana duniani, na pale LiteBeam linakufa zaidi ya mahali pengine. Si lazima radi ipige mnara wako. Ikipiga jirani, msukumo wa umeme unaingia kwenye kebo ndefu na kutafuta njia ya kutokea. LiteBeam halina sehemu ya kufungia waya wa ethi (wa kupeleka umeme ardhini), hiyo ni kasoro yake ya pili. Njia yake ya kutolea ni ganda la kebo, na ganda hilo linafanya kazi tu ikiwa koneketa ni za chuma pande zote na adapta imechomekwa kwenye soketi ya pini tatu yenye ethi hai. Ukiichomeka kwa kiungio cha pini mbili, kebo yako ya gharama inakuwa kama ya kawaida. Weka kinga za msukumo mbili: moja karibu na dishi, ya pili pale kebo inapoingia nyumbani. Zote ziende kwenye fimbo ya shaba iliyozikwa, na fimbo hiyo iunganishwe na ethi ya nyumba. Ethi mbili zisizojuana ni hatari kuliko moja, maana radi ikipiga zinapishana volti, na njia ya kusawazisha inakuwa kebo yako. Lenga ukinzani wa omu 10 au pungufu; udongo wa mchanga na mawe utakutaka fimbo zaidi ya moja. Juu ya mnara, ncha ya kukinga radi iwe ndiyo kitu kirefu kuliko vyote, na dishi likae chini yake, ndani ya kivuli cha nyuzi 45.

Pwani ina adui wawili wa ziada. Chumvi hula kamba ya chuma ya kufungia na nati zake kwa haraka, kwa hiyo badilisha na za chuma kisichoshika kutu tangu siku ya kwanza. Adui wa pili ni maji yenyewe. Linki inayovuka mlango wa bahari, kwa mfano kutoka Kigamboni kwenda ng'ambo ya mjini, inapokea mawimbi mawili: yaliyokuja moja kwa moja na yaliyodunda juu ya maji. Yakikutana vibaya yanafutana. Na kwa kuwa wakati wa bamvu maji hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3 kwenye pwani yetu, linki inaweza kuwa nzima asubuhi na kuyumba mchana, kila siku kwa saa iliyosogea kidogo. Ukiona mtindo huo, achana na mipangilio. Linganisha na jedwali la kujaa na kupwa. Dawa ni kubadilisha kimo cha dishi moja kwa mita moja au mbili, au kulirudisha nyuma ya ukingo wa jengo ili ukingo uzibe lile wimbi la kudunda. Mbali na hapo mvua haina neno: kwenye 5 GHz na kwa umbali huu hupunguza kidogo sana. Mvua ikikata linki, tazama miti na koneketa.

Mjini shida kubwa ni kelele. 5.8 GHz ya Dar es Salaam au Nairobi imejaa, na kosa la kawaida ni kuchukua MHz 80 kwa tamaa ya kasi. Chaneli ikipanuka maradufu, kelele inayoingia nayo inazidi desibeli 3, na nafasi ya kugongana na jirani inaongezeka. MHz 20 au 30 safi hushinda 80 chafu. Kabla ya kuchagua, fungua airView, kipima kelele cha ndani ya redio, pande zote mbili, kwani kelele ya upande wako siyo ya upande wa pili, na itazame jioni watu wakiwa nyumbani, siyo saa nne asubuhi. Kati ya 5250 na 5350, na kati ya 5470 na 5725, kuna rada, zikiwemo za hali ya hewa, na redio inalazimika kuzisikiliza na kuzihama. Kuidanganya redio kwamba iko nchi nyingine ili ikwepe sheria ni kuwakaribisha wakaguzi wa TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania) au wa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya.

Ukifunga madishi kadhaa kwenye mnara mmoja, yatenganishe kwa wima walau mita moja, yasitumie chaneli zinazogusana, na usitarajie miujiza: LiteBeam linavujisha mawimbi pembeni na nyuma, na halina GPS ya kuyafanya yote yaseme na kusikiliza kwa pamoja. Hiyo ndiyo kasoro ya tatu, na ndiyo kubwa. Kwa mteja mmoja juu ya paa lake haimhusu. Kwa mnara wenye linki sita, inahusu sana.

Mbadala? PowerBeam 5AC Gen2 ya kampuni hiyohiyo ina 25 dBi na kishikizo kigumu zaidi. Tofauti ya desibeli 2 kila upande ni 4 kwa linki nzima, na kwa kilomita 8 hadi 12 au penye upepo tungeichagua bila kusita. LHG 5 ac ya MikroTik ina 24.5 dBi na inampa fundi anayeijua RouterOS, programu ya MikroTik, uhuru mwingi, ila kwa anayeanza ni msitu. Kwa majengo mawili yaliyoachana mita 200 yanayotaka gigabiti nzima, achana na 5 GHz kabisa, chukua jozi ya 60 GHz kama Wireless Wire ya MikroTik: huko hakuna kelele, ila hewa yenyewe hula karibu desibeli 15 kwa kila kilomita na mvua kubwa inaongeza, kwa hiyo usiivute mbali.

Mwenye benki, hospitali au kituo cha simu kinachohitaji linki isiyokatika, asinunue hili hata kwa bei ya bure. Masafa yake hayana mwenyewe, na kesho jirani anaweza kufunga lake juu ya chaneli yako bila wewe kuwa na pa kushitaki. Huyo alipie leseni na microwave ya masafa yake mwenyewe. Wengine wote, bajeti ya LiteBeam mbili iongezwe kebo ya shaba, kinga nne za msukumo na fimbo mbili za ethi. Vifaa hivyo vinaweza kugharimu kukaribia madishi yenyewe, na duka likikuuzia madishi bila kuvitaja, uliza mwenyewe.